Daftari la Mafuriko: Barua ya Wazi kutoka Bwera

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Misaada, Maandalizi ya Maafa na Wakimbizi,
Ofisi ya Waziri Mkuu, Kampala.
Nakala kwa Baraza la Wilaya ya Kasese.

Mheshimiwa Waziri,

Naishi Bwera, mwendo mfupi kutoka daraja la Mpondwe, mahali ambapo mto Lhubiriha unatutenga na ndugu zetu wa Kasindi, upande wa Kongo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya gulio letu, na kwa kuwa tangu 2005 Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Ningeandika Lukonzo, jirani zangu wangenielewa upesi zaidi, lakini wao hawana haja ya kusimuliwa haya. Wameyaona.

Mei 2020, Lhubiriha ulipofurika, mwenyekiti wetu wa kijiji (LC1) aliniomba nimsaidie kuandika majina ya waliobomolewa nyumba. Mimi ni mwalimu mstaafu na mwandiko wangu unasomeka. Nilichukua daftari la shule (shule zenyewe zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya Korona), nikasimama kando ya matope tangu asubuhi mpaka jua likazama. Jina la mwenye nyumba. Idadi ya watoto. Kilichopotea: mbuzi, mabati, magodoro, gunia la kahawa lililokuwa linasubiri mnunuzi, shamba la mihogo, cheti cha ubatizo. Namba ya simu, ikiwa simu nayo haikwenda na maji. Mama mmoja mjane, nilipomaliza kumwandika, hakuondoka. Akaniuliza, "Mwalimu, sasa umeniandika. Itakuwaje?" Nikamwambia majina yanakwenda gombolola, yakitoka gombolola yanakwenda wilayani, yakitoka wilayani yanakwenda Kampala, na huko Kampala kuna watu ambao kazi yao ni kutusaidia kuanza upya.

Msaada ulikuja, na nasema hivyo wazi kwa sababu kunyima watu shukrani yao ni dhambi. Ulikuja unga wa posho, maharage, blanketi, sabuni. Vijana wa Msalaba Mwekundu walifanya kazi wakiwa wamelowa mpaka mifupani. Wasingya, yaani asante, kama tunavyosema huku. Lakini posho ile iliisha kabla mwezi haujaandama, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyerudi na daftari. Yule mama bado tunakutana njiani. Hanilaumu hata kidogo. Ananiamkia, ananyamaza kidogo, kisha anakwenda zake, nami najua alichokuwa anasubiri kusikia.

Mheshimiwa, nina ombi moja tu: kila jina mliloliandika, lifuateni mpaka mwisho wake. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Sisi Wakonzo tunajiita watu wa theluji. Kwa Lukonzo, nzururu ndiyo theluji, na humo ndimo limetoka jina la Rwenzururu, yaani milima yetu ya Rwenzori. Wazee walitufundisha kwamba Kithasamba, mwenye mlima, makao yake ni kule juu kwenye weupe. Weupe huo unakwisha tukiuona. Mwaka 1906, yule mwanamfalme Mwitaliano, Duki wa Abruzzi, alipopanda na kupima vilele, barafu ilikuwa imefunika zaidi ya kilomita sita za mraba. Kufikia 2003 haikufika hata moja. Ni huzuni ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa mtu ambaye hakukua akiamka na kutazama juu kwanza kabla ya kunawa uso.

Hata hivyo nakuomba usiichanganye huzuni hiyo na maafa yetu. Wageni wakija na kamera zao husema barafu inayoyeyuka ndiyo inayotufurikisha, na siku hizi hata viongozi wetu huyarudia maneno hayo jukwaani. Wanasayansi waliopima mto Mubuku walikuta kwamba maji ya barafu hayafiki asilimia 2 ya maji yanayoteremka mpaka chini ya mlima. Kinachotubomolea nyumba ni mvua kubwa inayoangukia miteremko mikali. Kosa hili si dogo. Tukisadiki kwamba adui ni barafu, basi tutakaa tukingoja mataifa tajiri yapunguze moshi wao, na kila ofisi hapa nyumbani itakuwa imepata mahali pa kujikinga. Tukikubali kwamba adui ni mvua na mteremko, tutauliza nani amekata miti, nani amejenga ukingoni na kwa ruhusa ya nani, na nani alipaswa kutuonya.

Chukua mto Nyamwamba. Mapema 2012 moto uliteketeza uoto wa juu kwenye vyanzo vyake. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 2013, sikukuu ya wafanyakazi, mvua ikanyesha juu ya mteremko uliokuwa umevuliwa nguo. Udongo ukaporomoka mtoni, na mto ukashuka na mawe na magogo, ukapita Kilembe, ukaingia hospitalini, ukafika mji wa Kasese. Mei 2014 ukarudi. Mei 2020 ukarudi tena, safari hii pamoja na Mubuku, Nyamugasani na huu wetu wa Lhubiriha, na hospitali ileile ya Kilembe ikaharibiwa vibaya hata wagonjwa wakahamishwa. Kisha Septemba 2022 ukaja mlima wenyewe: huko Kasika, gombolola ya Rukoki, udongo ulifukia watu wasiopungua 15, wengi wao akina mama na watoto. Mvua zetu ni mbili kwa mwaka, za Machi hadi Mei na za Agosti hadi Novemba. Miezi hiyo mnaijua kama tunavyoijua sisi.

Sasa nataka kukukumbusha jambo ambalo serikali hii ililifanya hapa hapa kwetu, tena ikalifanya vizuri sana.

Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo. Mtoto wa miaka mitano alipelekwa hospitali ya Kagando akiwa mgonjwa, akahamishiwa kituo cha matibabu hapa Bwera, na tarehe 11 mwezi huo ikathibitishwa kwamba ni Ebola. Sote tuliogopa. Gulio lilikuwa kama kaburi. Lakini nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona tena: watu wa afya wakiwa na orodha, wakitafuta kila aliyemgusa mgonjwa, kila aliyekaa naye garini, kila aliyezika. Walikwenda nyumba kwa nyumba, asubuhi baada ya asubuhi, kwa siku 21. Mtu aliyekuwa kwenye orodha hakuachwa kwa sababu amehamia kwa shemeji yake au kwa sababu barabara ni mbaya. Walipanda boda boda wakamfuata huko huko. Jina lilifungwa tu pale ambapo siku zake zilitimia. Ugonjwa ule ulikuwa unateketeza watu upande wa pili wa mto, na haukuenea Uganda.

Basi siwezi kuambiwa kwamba kufuata majina ni kazi isiyowezekana Kasese. Nimeiona ikifanyika kwa macho yangu. Tofauti ni kwamba Ebola ingeweza kufika Kampala, na mafuriko ya Lhubiriha hayawezi.

Ninachokiomba kifanane na kile. Kila kaya iliyobomolewa tangu 2013 iwe na mstari wake: inalala wapi leo, ilipewa nini na lini, inangoja nini, na ni ofisi gani inayodaiwa jibu. Mstari usifungwe mpaka kaya hiyo iwe na paa lake na mahali pa kulima. Orodha isomwe hadharani gombolola kwa gombolola, mara mbili kwa mwaka, kabla ya kila mvua, mbele ya wenye majina yao. Sera ya Taifa ya Maandalizi na Usimamizi wa Maafa ya 2010 imezitaja kamati za maafa, kuanzia wilayani hadi kijijini. Zipewe kazi hiyo, na zipewe nauli.

Utauliza kwa nini nakazania muda mrefu hivi, na si blanketi zaidi. Ni kwa sababu ya kahawa. Mteremko wetu unaishi kwa arabika. Ukipanda mche leo, utangoja miaka kama mitatu ndipo uvune cha maana. Mtu aliyepoteza shamba lake Mei 2020 na akapata ardhi mwezi uliofuata angeanza kuvuna 2023. Aliyepewa posho ya wiki tatu bila ardhi, hajaanza kuhesabu. Maafa kwetu yanakwenda kwa mwendo wa mti. Msaada wenu unakwenda kwa mwendo wa gunia.

Nenda Muhokya. Baada ya Mei 2020 watu waliotolewa Kilembe na kando ya Nyamwamba walipelekwa huko, chini kwenye joto, kwenye mahema. Iliitwa kambi ya muda. Miaka minne baadaye bado kulikuwa na familia ndani ya mahema hayo, turubai zimepasuka, watoto waliozaliwa humo wameanza kukimbia. Nilikwenda kumtembelea ndugu wa marehemu mke wangu. Alinikaribisha kwa obundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe, akaomba radhi kwamba sombe ilikuwa ya kununua. Mtu wa mlimani kununua majani ya muhogo! Hilo ndilo lililomliza, kuliko hema.

Najua jibu la Kampala: Kasese haina ardhi. Ni kweli kwamba tumebanwa. Juu yetu ni Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, chini yetu ni Hifadhi ya Queen Elizabeth, na katikati watu wanazidi kila mwaka. Lakini katika nchi tambarare ya Kasese kuna mashamba ya serikali, likiwemo shamba la magereza la Mubuku. Siombi wafungwa wafukuzwe wala wanyama wanyang'anywe malisho. Naomba serikali ikae na wilaya na ikunjue ramani mezani, iseme wazi ni eka ngapi zilizo mikononi mwake na ni ngapi zinaweza kutolewa. Wakulima wetu wanaelewa neno "hapana" likiwa na sababu. Wasiloelewa ni kimya cha miaka.

Na tukihamishwa, tuhamishwe kwa akili. Wenzetu wa Elgon wametutangulia katika msiba huu. Baada ya mlima kuporomoka Nametsi, Bududa, tarehe 1 Machi 2010, familia nyingi zilipelekwa Kiryandongo, mbali kabisa, kwenye nchi ya joto na udongo mwingine, na lugha nyingine sokoni. Baadhi walirudi mlimani wakijua hatari yake. Watu wa mijini walisema ni ujinga. Mimi nilifundisha watoto miaka thelathini na sijawahi kukutana na mzazi anayemrudisha mtoto wake kwenye mteremko wa kifo kwa ujinga. Walirudi kwa sababu kule walikuwa na nyumba bila kuwa na kwao. Hawakuwa na makaburi. Hawakujua msimu wa kupanda. Jirani wa zamani alikuwa amepewa kiwanja upande mwingine wa makazi. Baada ya maporomoko ya Bukalasi ya Oktoba 2018 serikali iliwaweka wengine Bunambutye, Bulambuli, karibu zaidi na mlima wao, na hapo naona fundisho limeanza kusikika, ingawa limechelewa na ingawa mlima ule uliua tena Novemba 2024.

Kuhusu sisi Wakonzo, tafadhali sikia hili kwa makini. Mtu wetu hahami peke yake. Anahama na ukoo, na mahali alipozika wazazi hapageuki kuwa kiwanja tu kwa sababu afisa ameweka alama nyekundu. Kama mteremko fulani ni wa hatari kwa kulala, huenda si wa hatari kwa kulima mchana. Ruhusuni watu walale bondeni salama na wapande kuangalia kahawa yao na makaburi yao kunapokucha kukavu. Wahamisheni kitongoji kizima pamoja, na mwenyekiti wao, na kanisa lao au msikiti wao, na mama yule anayezalisha wengine usiku. Mkiwatawanya, mtakuwa mmeokoa miili tu.

Kuna jambo la Kilembe ambalo halisemwi vya kutosha. Mgodi wa shaba ulianza kuzalisha mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, na ukasimama 1982. Uliacha vilima vya mabaki ya madini kando ya Nyamwamba. Mto ukifurika unavila vilima hivyo na kuvimwaga mashambani. Watafiti wamekuta shaba na kobalti kwa wingi usiofaa katika udongo na hata katika vyakula vya bonde lile. Kwa hiyo mtu akiambiwa "rudi ulime, maji yamepungua", anaambiwa alime juu ya nini? Kabla ya kugawa mbegu, pimeni udongo, shamba kwa shamba, na majibu wapewe wenye mashamba kwa lugha yao, sio yafungiwe Kampala. Na mgodi ukifufuliwa, yeyote anayekabidhiwa shaba akabidhiwe na vilima hivyo. Anayekula ng'ombe asiwaachie wengine ngozi iliyooza.

Kuhusu mawe ndani ya mto, nitasema machache. Tingatinga huletwa baada ya mafuriko, likachota mawe na kuyarundika ukingoni, na mvua ijayo mto huyarudisha mawe yale yale. Kazi hiyo ifanyike wakati wa kiangazi, ianzie juu, na iende pamoja na kupanda mianzi na miti ya asili kingoni. Wanawake wa vyama vyetu vya kahawa wanajua kuchimba matuta na kupanda nyasi za kuzuia udongo. Wamekuwa wakifanya hivyo bila malipo. Walipwe.

Na onyo. Tarehe 28 Mei 2025, huko Uswisi, barafu na mawe viliporomoka juu ya kijiji cha Blatten na karibu kukifukia chote. Wakazi wapatao 300 walikuwa wameondolewa siku tisa kabla, kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakiuangalia mlima usiku na mchana, na neno lao lilipotoka lilitiiwa. Mtu mmoja alikufa, na msiba wa mmoja ni msiba. Lakini fikiria Kasika wakiwa na siku tisa. Fikiria wakiwa na saa tisa tu. Hatuna fedha za Uswisi, hilo nalijua. Tuna simu karibu kila nyumba, tuna redio za Kasese, tuna wazee wanaojua mto unavyonuka kabla haujapanda. Mtu mwenye kipimo cha mvua kule juu, mshahara mdogo na namba ya kupiga angetosha kuanzia. Katiba, katika ibara ya 157, imetaja Mfuko wa Dharura. Dharura ya Kasese inajulikana mwezi wake; ni halali kuitengea fedha kabla haijafika.

Nisingependa ufikiri kwamba tumekaa tu tukinyoosha mikono. Nyumba saba za kitongoji changu zilijengwa upya na majirani kwa miti na udongo, kila Jumamosi, watu wakibeba mawe kutoka mto ule ule uliowabomolea. Ndugu wa Kasindi walivuka na mabati mawili matatu, na wao wenyewe hawana amani kwao. Nyumba hizo saba nimezipiga mstari daftarini mwangu, kwa kalamu nyekundu, kama nilivyokuwa nikisahihisha hesabu. Zilizobaki bado ziko wazi.

Nakala ya daftari lile ninayo. Ile ya kwanza niliikabidhi mwenyewe Mei 2020, lakini mazoea ya ualimu yalinifanya niandike mbili. Ipo kwenye sanduku la nguo, imepata unyevu pembeni ila majina yote yanasomeka. Ukimtuma mtu wako, na ashuke kwenye stendi ya Bwera, aulize nyumba ya mwalimu; vijana wa boda boda wataijua. Aje na orodha yenu. Tutaketi tuzilinganishe, jina kwa jina, kisha nitampeleka kwa miguu kwa wale walio hai. Naomba tuanze na yule mama.

Wako katika kazi ya umma,
Mwalimu mstaafu, Bwera, Wilaya ya Kasese